Mume Mwenzangu Analala kwenye Kiyoyozi

Kwa Mheshimiwa Mkuu wa Kituo cha Kompyuta Kuu,
Jengo la nyuma ya maktaba, lile lenye mlango wa chuma na mngurumo usioisha.

Kuhusu: Kuomba mke wangu arudishwe nyumbani, au mimi nipewe haki sawa na mtambo

Mheshimiwa,

Pokea salamu zangu za heshima. Natumaini wewe ni mzima, na mtambo wako pia ni mzima, ingawa huyo wa pili kumwombea afya kunanipa taabu kidogo. Sababu utaziona mbele.

Mimi ni fundi makochi. Karakana yangu iko mtaa wa pili kutoka lango la chuo. Ukipita utaona kochi la watu watatu limewekwa nje kuvutia wateja, na paka wa jirani amelala juu yake kuwafukuza. Ndani kuna cherehani, mizigo ya sponji, na ukutani zinaning'inia zile patani za karatasi ngumu ninazokatia vitambaa, ambazo hakuna mtu anayeruhusiwa kuzigusa, hata mama mkwe. Mimi si mtu wa shari. Waulize majirani. Lakini maji yamenifika shingoni.

Mke wangu ni mwanafunzi wenu wa shahada ya uzamivu. Hapa mtaani nimempa jina la Daktari Mtarajiwa na wateja wameshalizoea. Jina lake la chuoni mnalo huko kwenye orodha ya wanaotumia kompyuta kuu, nami sitaliandika humu, kwa kuwa hajui kwamba naandika, na akijua tutakoma wote wawili, mimi na wewe.

Nimeelezwa kwamba hiyo kompyuta kuu si ya mtu mmoja. Watafiti wa vyuo kadhaa wanaigawana: huyu anapiga hesabu za mvua, yule za mbegu, mwingine za nyota ambazo hata hatutazifikia. Jambo jema sana. Kasoro ni kwamba hakuna aliyekuja kutueleza sisi wa nyumbani kuwa katika kuigawana kompyuta, na wake zetu nao wanagawanwa.

Basi niseme wazi: nina mume mwenza. Najua neno hilo halipo. Wanawake wana mke mwenza tangu enzi, sisi wanaume hatukuwahi kulihitaji mpaka mlipoleta hilo lidude lenu. Naandika malalamiko yangu kwa namba, maana mke wangu husema kompyuta haiheshimu kitu kisicho na namba, na mimi nataka kuheshimiwa.

1. Makazi.

Huyo bwana mmempa chumba chenye kiyoyozi kila ukuta. Nilikiona kwa macho yangu siku mlipowaalika ndugu wa wanafunzi waje kutembea. Baridi ilikuwa kali mpaka binti yetu akaomba sweta. Fundi wenu wa mtambo, yule bwana mrefu mwenye miwani ambaye watumiaji wote wanamwita Bwana Foleni, alitupanga mstari akatuonya: tusiguse, tusiegemee, tusiingie na chai. Umeme ukikatika, jenereta yenu inaamka kabla mtu hajasema lo! Kwangu umeme ukikatika nashona kwa mwanga wa simu niliyoiuma kwa meno.

Nilimwuliza Bwana Foleni kwa nini mtambo unadekezwa namna ile. Akanijibu kwamba ukifikiri sana unapata joto. Mheshimiwa, na mimi nikifikiri napata joto. Siku ya kukata kitambaa cha kochi la kona, chenye maua ambayo lazima yakutane kwenye mishono, nalowa mpaka soksi. Hakuna aliyewahi kuniletea hata feni ya mezani.

2. Kukadiria muda.

Mna kanuni moja ambayo ningeipenda kama ingekuwa yangu. Mtu akipeleka kazi kwenye mtambo lazima kwanza aseme itachukua muda gani. Akitaja muda mfupi na kazi ikapitiliza, inakatwa palepale, hata kama ilibaki punje. Akitaja muda mrefu hakatwi, ila atakaa foleni zaidi. Kwa hiyo mke wangu, kwa kuogopa kukatwa, huomba muda mrefu na kusubiri kwa adabu zote.

Mwanamke huyohuyo, Mheshimiwa, anayempimia mtambo muda kwa uangalifu namna hiyo, mimi huniambia, "Dakika tano tu, nakuja." Jamani! Chakula kinapoa, nakipasha. Kinapoa, nakipasha tena. Kikija kuliwa kimeshabadilika jina. Naomba kanuni yenu itumike na kwangu: akisema dakika tano na zikapita, niwe na ruhusa ya kuikata kazi. Niliwahi kujaribu kwa mamlaka yangu mwenyewe. Nilichomoa waya wa laptopu. Laptopu ikaendelea kwa betri, na mimi nikalala kwenye kochi la mteja.

3. Mgawo wa haki.

Siku ileile Bwana Foleni alitueleza kwamba mtambo una haki kuliko binadamu. Aliyeutumia sana wiki hii, wiki ijayo anasogezwa nyuma ya foleni ili na wengine wapate. Nilipiga makofi. Nilipiga peke yangu, lakini nilipiga kwa moyo.

Sasa tutazame bila upendeleo. Ni nani aliyemtumia mke wangu zaidi mwaka huu, mimi au mtambo? Asubuhi anafungua macho anauliza kama kazi imeanza, na hamuulizi mtu aliyelala kando yake. Mchana yuko kwenu. Jioni mwili uko kwangu, akili iko kwenu. Usingizini anataja majina ya mafaili, na nimeyasikiliza yote kwa makini, langu halimo. Kwa kanuni yenu wenyewe mtambo unatakiwa kusogezwa nyuma yangu, nyuma ya binti yetu, nyuma ya mama mkwe na nyuma ya yule paka. Sijatia chumvi. Kanuni ni yenu.

Nikimtaja mama mkwe, nadhani ni haki ujue kwamba anaishi nasi na yuko upande wenu. Amesema mbele ya wageni kwamba huo mtambo angalau hauachi nyuzi na makombo ya sponji kwenye zulia. Nilipomweleza kwamba ni utovu wa nidhamu kumchukua binti wa watu kutwa nzima bila hata siku moja kuja kuwasalimia wazazi wake, alinitazama kutoka juu mpaka chini akasema kwamba na mimi sikuwa na haraka ya kuja kusalimia. Nikarudi kwenye cherehani, kwa kuwa ni mama mkwe.

4. Meseji.

Mume mwenzangu hana saa za kubisha hodi. Kazi ikianza, meseji. Ikiisha, meseji. Ikifa njiani, meseji, tena hiyo inakuja kwa haraka kuliko zote. Tulikuwa kwenye harusi ya binamu yangu. Bi harusi anaingia ukumbini, watu wamesimama, na mke wangu akapiga kigelegele kilichowapita wanawake wote waliokuwamo, machozi yakimtiririka. Ndugu zangu wakafurahi kweli. Shangazi yangu akamkumbatia, akasema huyu ndiye mke aliyeolewa na ukoo mzima. Kumbe kazi yake ilikuwa imetoka foleni. Shangazi anamsifia mpaka leo, nami sina moyo wa kumwambia.

5. Vikohozi.

Nyumba yangu imejaa vikohozi vya watu nisiowajua. Hii naomba uisome taratibu, kwa sababu nikiwaeleza watu hudhani nimechanganyikiwa.

Mke wangu anaufundisha mtambo wenu kusikiliza vikohozi vya watoto. Anazunguka zahanati na simu, mzazi akikubali anarekodi, kisha anavileta kwenu vinahifadhiwa. Lakini kabla ya kuvileta lazima avisikilize kimoja kimoja nyumbani, na ukuta wa chumba chake ndio ukuta wa karakana yangu. Mteja mmoja alikuja kuchagua kitambaa. Akasikia watoto wanakohoa nyuma ya ukuta, mmoja akimaliza mwingine anaanza. Akaniuliza nina watoto wangapi. Nikasema mmoja, na yuko shule. Yule mama aliondoka amefunika mdomo kwa sampuli yangu ya kitambaa na hajarudi, wala sampuli haijarudi.

Mimi mwenyewe sikupona. Alihitaji na vikohozi vya watu wazima wasioumwa, kwa kulinganisha. Nikakaa mbele ya simu, nikakohoa. Akasema, "Usiigize, Fundi. Kohoa kama mtu." Nikakohoa kama mtu. Hakikufaa. Nikakohoa tena na tena mpaka nikaumwa kweli, hapo napo hakikufaa kwa kuwa sasa nilikuwa naumwa. Cha mama mkwe kilikubaliwa mara ya kwanza, na hajaacha kutukumbusha.

Sitaki unione mtu nisiyejali. Chanzo cha kazi yake hii nakijua, nilikuwepo. Binti yetu alipokuwa bado hajaanza kutembea alishikwa na kikohozi. Zahanati wakasema mafua, tukarudi nyumbani. Kikazidi, tukaenda tena, wakasema mafua. Mara ya tatu tulimkimbiza hospitali kubwa midomo imebadilika rangi, na daktari akatuuliza tulikuwa wapi siku zote. Ilikuwa nimonia. Alipona, namshukuru Mungu, sasa yuko shule na mdomo wake hautulii. Lakini mama yake tangu siku ile hasikii kikohozi kama tunavyokisikia sisi. Anataka muuguzi wa zahanati isiyo na mashine ya picha ya kifua aweze kushika simu karibu na mtoto, na simu imwambie: huyu mpeleke sasa hivi, usingoje. Kuna zahanati zimekubali kuijaribu mwisho wa muhula huu. Kabla ya hapo lazima mtambo upige hesabu moja kubwa ya mwisho kwa vikohozi vyote kwa pamoja.

Haya yote nayajua, nayaheshimu, na hayahusiani na malalamiko yangu.

6. Matengenezo.

Mwezi uliopita mliuzima mtambo kwa matengenezo. Natumia nafasi hii kukushukuru rasmi. Mke wangu alirudi nyumbani jua bado liko juu. Mwanzoni alizunguka sebuleni kama mtu aliyesahau alichofuata chumbani, kisha akaja karakana. Akakaa juu ya mzigo wa sponji. Akaniuliza kochi hilo ni la nani. Nilikuwa sijaulizwa swali hilo muda mrefu, hata nikasahau la nani. Akanishikia kitambaa pande zote mbili nikakivuta nikapiga pini, na hakikujikunja hata kidogo. Alicheka nilipomwonyesha jinsi yule mteja alivyoondoka na sampuli mdomoni. Binti yetu akaja akakaa katikati, tukala wote watatu chakula cha moto, na mama mkwe akatutazama akasema leo kuna nini.

Kabla hatujamaliza kula ikaingia meseji: mtambo umewashwa mapema kuliko ilivyotangazwa. Mapema! Mheshimiwa, katika maisha yangu yote sijawahi kuona fundi anayemaliza kazi mapema, mimi nikiwemo. Sasa kwa nini hao wa kwenu waanze siku hiyo? Naomba matengenezo yafanyike kila wiki. Kama hakuna kilichoharibika, koleo ninayo, naweza kuja kusaidia.

7. Mafaili yasiyoguswa.

Hapa ndipo nilipogundua kwamba wewe na mimi tunaweza kuelewana. Mna kanuni kwamba faili lililokaa kwenye hifadhi ya muda bila kuguswa na mwenyewe linafagiliwa, ili wengine wapate nafasi. Kanuni safi. Ila itazame kwa upande wangu. Mimi nimekaa bila kuguswa muda ambao faili lolote lingeshafagiliwa. Bado nipo. Hakuna aliyeniletea hata onyo, ilhali mafaili yanaletewa.

Najua yanaletewa kwa sababu juzi onyo moja lilinipitia mikononi. Mke wangu alikuwa ameenda zahanati, simu yake nyingine, yenye barua pepe za chuo, ameiacha kwangu karakana inachaji. Ikalia. Nikatazama, kwa kuwa ilikuwa kwenye meza yangu na umeme wangu. Mmeandika kwa adabu sana: mafaili yaliyo kwenye kasha liitwalo Asili hayajaguswa kwa muda mrefu, je, bado unayahitaji? Chini kuna Ndiyo na kuna Hapana.

Nilifikiri kwa makini, maana mimi si mtu wa kukurupuka. Nikajiuliza: kitu ambacho mtu huyu, anayegusa kompyuta kuliko anavyogusa kijiko, hajakigusa muda wote huo, ana haja nacho gani? Nimwongezee mzigo mwingine wa kufikiria? Nikabonyeza Hapana. Mkanijibu palepale mkanishukuru kwa kuwajali watumiaji wengine. Ilikuwa mara ya kwanza kituo chenu kunishukuru, na nilifanya kazi mchana ule wote nikipiga mluzi. Naleta jambo hili kama ushahidi kwamba mimi nikipewa nafasi naweza kuwa mtumiaji mwema kuliko hao mlionao.

Baada ya hayo, Mheshimiwa, nafika kwenye maombi.

Ombi langu kuu ni kwamba akaunti ya mke wangu ifungwe. Si kwa chuki. Mwandikieni tu kwamba amemaliza sehemu yake, mumshukuru kama mlivyonishukuru mimi, na arudi nyumbani wakati wa chakula.

Ikishindikana, basi nami niandikishwe kuwa mtumiaji wa mke wangu. Nipewe neno langu la siri. Nitapeleka maombi yangu kwenye foleni kama watafiti wengine: kuulizwa habari za kutwa (ombi dogo), kutembea hadi dukani na kurudi tukiwa pamoja (ombi la kati), na kusikilizwa mpaka mwisho wa hadithi ya mteja; hilo najua ni kubwa, nitaomba muda wake.

Na hilo nalo likishindikana, nitahamia kwenu. Nimeshapima kwa macho siku ile. Nyuma ya safu ya mwisho ya makabati yenu kuna nafasi ya cherehani, kitanda na meza ya binti kusomea. Mama mkwe anaweza kukaa karibu na mlango, atawasaidia kuwaonya wageni wasiingie na chai, kazi hiyo anaiweza kuliko mtu yeyote ninayemfahamu. Sisi hatuna makuu. Kama familia haiwezi kumtoa mtu kwa mtambo, basi familia nzima iingie kwenye kiyoyozi, tupoe wote.

Nitashukuru nikijibiwa kabla ya mwisho wa wiki. Nisalimie Bwana Foleni. Nisalimie mama wa mapokezi ambaye kila nikija huniambia mkuu yuko kikaoni kwa sauti ya upole mpaka naondoka nimeridhika. Nisalimie mlinzi wa mlango wa chuma, na umwambie lile benchi analokalia litamvunja mgongo. Isalimie hata jenereta. Mtambo usisalimiwe.

Ni mimi, ninayepasha chakula nisicho na wa kukila naye,

Fundi Makochi,
Mume (wa kwanza) wa Daktari Mtarajiwa

Baada ya kuandika:

Mheshimiwa, simama hapo hapo. Usifunge kitu. Naandika nyuma ya bahasha kwa sababu nilikuwa nimeshaibandika gundi ya makochi, na gundi hiyo haifunguki.

Jana mke wangu alirudi mapema. Jua liko juu, chakula kiko motoni, nikajisemea dua zangu zimejibiwa kabla hata barua haijaondoka. Akaketi kwenye kochi na viatu vyake. Nikampakulia. Hakula. Akasema mafaili yake ya asili yametupwa kwenye kapu la taka la mtambo, na Ijumaa mchana kapu linamwagwa. Akasema lazima ni yeye aliyebonyeza. "Nimechoka, Fundi, mpaka sijui mikono yangu inafanya nini." Alikuwa anajilaumu yeye, na mimi nimesimama pale na mwiko.

Nikamwambia ni mimi.

Hakufoka. Heri angefoka. Alinieleza polepole kwamba vile ndivyo vikohozi vyenyewe, vya watoto wote, kama vilivyorekodiwa. Havigusi makusudi, asije akaviharibu. Kila siku anafanyia kazi nakala zilizopunguzwa, na ile hesabu ya mwisho inataka vya asili. Hifadhi ya kudumu ameiomba kwenu zamani, ombi liko foleni. Nikageuka nikatazama ukuta wangu, patani zangu zinaning'inia. Kuna nyingine sijazigusa mwaka mzima. Mtu akizitupa nafunga karakana. Niliona aibu, Mheshimiwa, aibu ya kweli.

Tukiwa hivyo binti yetu akakohoa chumbani. Mama yake akaishika simu kwa mazoea ili arekodi, kisha akakumbuka vilivyo kapuni, akairudisha mezani. Akanigeukia mimi. Akaniuliza, "Wewe unasikiaje?"

Ndicho nilichokuwa nalilia muda wote huu: anigeukie, aniulize. Nikasikiliza kwa nguvu zangu zote. Mimi ni fundi makochi. Nikamwambia sijui.

Leo asubuhi tumempeleka zahanati. Wamesema ni mafua tu. Hata mara ile walisema ni mafua.

Kwa hiyo yote niliyoandika huko ndani, kuanzia namba ya kwanza, yafute wewe badala ya vikohozi. Ile Hapana ni ya kidole changu, yeye hakuwepo. Jibu lake ni Ndiyo. Bwana Foleni anasema kapu haliwezi kufunguliwa bila idhini yako wewe mkuu, na wewe uko kikaoni. Nimekuja hapa mlangoni kwako na kochi, lile la nje ya karakana, nimeliweka karibu na benchi la mlinzi, na tumelikalia mimi naye. Nimeambiwa wapo watu mbele yangu wenye shida zao. Nimesema sawa.

Bwana Foleni ameniuliza shida yangu itachukua muda gani, aiandike. Nimemwambia aandike muda mrefu kuliko wote. Nitasubiri, ila nisikatwe.